Ada, Kilemba na Ujira: Vijana Wanamuziki na Kiangazi Chao

Masimulizi ya taarab ya Unguja huanzia safarini. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana aitwaye Mohamed bin Ibrahim akajifunze kupiga ganuni, na kwamba kijana huyo aliporejea aliwafundisha wenziwe hata kasri ikawa na kikundi chake cha muziki. Wasimulizi huitaja ala, huitaja Misri, hulitaja jina la Sultani. Jambo moja hulipita mbio: nani aliyelipa? Kijana hakuuza shamba la babaye. Gharama ilitoka katika mfuko wa Sultani, na matunda yake yakaliwa kwanza pale pale palipotoka fedha, yaani barazani kwa Sultani na wageni wake. Ilipita miaka mingi kabla ya muziki ule kuteremka kutoka kasrini hadi mitaani na kuvaa vazi la Kiswahili.

Swali hilo la nani alipaye na nani avunaye ndilo linalofaa kuulizwa juu ya desturi moja kubwa ya nchi za kaskazini ya dunia, nayo ni mafunzo ya muziki ya kiangazi. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, wakati visiwa hivi vimo katika kipupwe, maelfu ya vijana wa Marekani na Ulaya hutia fidla na zumari zao mikobani, wakaenda milimani na kando ya maziwa kufundishwa na mabingwa na kupiga mbele ya hadhara. Mafunzo hayo husifiwa kwa majina makubwa yaliyopitia humo. Sifa hizo ni za kweli, lakini sifa si uhakiki. Mhakiki hana budi kuitazama pia njia iliyomfikisha mpigaji jukwaani, na kuwauliza waandaaji juu ya wale ambao hawakufika.

Kiswahili kina maneno matatu yatakayosaidia kupima jambo hili. Ada hutangulia: mwanafunzi hulipa kabla hajajua kitu. Kilemba hufuata: mwanagenzi akisha kuhitimu humpa fundi wake tunu ya shukrani, kwa kuwa kazi imekamilika na mkono umekuwa mkono. Ujira hulipwa mtu kwa jasho lake. Maneno haya hayatofautiani kwa fedha tu, bali kwa uhusiano. Mwenye kulipa ada ni mnunuzi, mwenye kutoa kilemba ni mrithi, na mwenye kupokea ujira ni mfanyakazi. Kijana anayepiga fidla kambini wakati wa kiangazi huweza kuwa mmoja wa hao watatu, na mara nyingine huwa wote kwa pamoja bila ya mwenyewe kujua.

Mfano wa ada ni Interlochen, katika jimbo la Michigan, mahali palipopata jina kwa kukaa baina ya maziwa mawili. Mwaka 1926 mwalimu wa muziki Joseph Maddy alikusanya okestra ya wanafunzi wa sekondari kutoka majimbo mbalimbali ili wapige mbele ya mkutano wa walimu mjini Detroit. Vijana walikaa pamoja siku chache tu, wakaonja utamu wa kupiga na walio sawa nao, wakachukia kuagana. Mwaka 1928 Maddy na mwenzake Thaddeus Giddings wakafungua kambi ili siku chache zile ziwe kiangazi kizima. Na mwaka huo huo wa 1928, katika bahari nyingine kabisa, Siti binti Saad, binti wa mfinyanzi kutoka Fumba, alikwenda Bombay kutiwa sauti yake katika santuri. Hakuna uhusiano baina ya safari hizi mbili isipokuwa mwaka, lakini zinafaa kuwekwa pamoja. Upande mmoja wapo vijana ambao wazee wao waliweza kulipa ili watoto wafundishwe, na upande wa pili yupo mwanamke aliyepata ufundi wake kwa sikio, kwa uvumilivu na kwa hisani ya waliomtangulia.

Haifai kuidharau kambi ile. Kwa miaka mingi ilikuwa na desturi ya kugombea viti kila wiki. Mpigaji alipiga kipande, aliyekaa nyuma yake akakipiga kile kile, na wenzao wakiwa wamefumba macho wakanyosha mikono kuamua yupi akae mbele. Desturi hii ina ukali, na watoto wengi walilia kwa sababu yake. Hata hivyo ndani yake mna uadilifu wa aina fulani, kwani jicho lililofumbwa halioni nguo za mtu wala ukoo wake, na sikio ndilo linalohukumu. Kasoro yake ni kwamba uadilifu huo ulianza baada ya lango. Aliyeshindwa kulipa ada hakupata hata kushindwa mbele ya wenziwe. Leo hii kiangazi kimoja katika kambi za aina hiyo hugharimu maelfu ya dola. Misaada kwa wasiojiweza ipo, lakini lazima iombwe, na mwenye kuomba huingia na aibu ambayo mwenye kununua haijui. Haki ipo ndani ya ua, langoni haijafika.

Kambini Interlochen ndiko pia lilikozuka swali la ujira, na lilizuka kwa kelele. Okestra ya vijana hao ilikuwa ikisikika redioni nchi nzima. Mwaka 1942 James Petrillo, mpiga tarumbeta kutoka Chicago aliyekuwa rais wa chama cha wanamuziki wa Marekani, aliyazuia matangazo hayo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: kila saa ya redio inayojazwa na watoto wasiolipwa ni saa iliyopokonywa mtu mzima anayelisha watoto wake kwa muziki. Magazeti yalimchora kama zimwi linalowanyamazisha watoto, na mwaka 1946 Baraza la Kongresi likapitisha sheria ya kuupunguza uwezo wake juu ya redio. Petrillo alikosea pale alipowafunga midomo wale wasio na kosa. Lakini swali lake halikukosea, wala halikujibiwa na sheria ile. Ikiwa muziki wa mwanafunzi ni mwema kiasi cha kutangazwa na kusikilizwa na umma, kwa nini huitwa mafunzo wakati wa kulipa, ukaitwa onyesho wakati wa kusikilizwa?

Mfano wa pili ni Tanglewood, katika vilima vya Berkshire, jimbo la Massachusetts. Hapo ndipo okestra ya simfoni ya Boston hupiga wakati wa kiangazi tangu 1937, na hapo ndipo kiongozi wake, Serge Koussevitzky, alipofungua kituo cha mafunzo mwaka 1940. Maisha ya Koussevitzky mwenyewe ni ushahidi katika kesi hii. Alizaliwa Urusi mwaka 1874 katika nyumba ya Kiyahudi isiyo na mali, akaenda Moscow akiwa kijana mdogo bila ya fedha mfukoni. Husimuliwa kwamba alishika besi kubwa, ile fidla nene ipigwayo kwa kusimama, kwa sababu nafasi za ufadhili zilikuwepo kwa wapigaji wa ala hiyo na si kwa ala aliyoitamani. Mfuko mtupu ndio uliomchagulia ala. Akawa bingwa wake, kisha akawa kiongozi wa okestra, na alipopata uwezo akajenga mahali ambapo vijana wangechaguliwa kwa mikono yao.

Siku ya ufunguzi, Julai 1940, wanafunzi waliimba utungo mpya wa Randall Thompson uitwao “Alleluia”. Thompson alikuwa ameombwa kitu cha shangwe, lakini Ufaransa ilikuwa imeanguka mikononi mwa Wajerumani wiki chache kabla, na mtunzi hakuweza kuandika shangwe. Akaandika wimbo wa polepole, wenye unyenyekevu, ambao maneno yake karibu yote ni neno hilo moja tu. Wapenzi wa mashairi watalitambua jaribio hilo: neno moja likirudiwa halibaki neno moja, kwani kila linaporudi huwa limebeba uzito wa mwahala lilikopita. Karatasi za muziki zilifika dakika za mwisho, na vijana wakaimba karibu bila ya mazoezi. Ukawa ndio wimbo wa kufungulia kituo mwaka baada ya mwaka.

Kwa muda mrefu sasa wanafunzi wa kituo hicho hawalipi ada ya masomo wala ya malazi. Nyumba ndiyo inayowalipia, kwa fedha za wafadhili. Matokeo yake husikika. Anayechaguliwa bila kuulizwa uwezo wa mfuko wake huja na njaa ya muziki, na mwalimu asiyemtegemea mwanafunzi kwa mkate wake huweza kumwambia ukweli. Lakini lipo jambo ambalo wasifu wengi wa Tanglewood huliacha. Juu ya vilima hivyo hivyo, tangu 1966, Chuo Kikuu cha Boston kimekuwa na mafunzo ya kiangazi kwa vijana wa umri wa sekondari, na hayo hulipiwa ada, ingawa wengine husaidiwa. Kwa hiyo, kwa wengi, ngazi ina vidato vya juu vya bure na vidato vya chini vya kununua. Kijana wa miaka 22 hukaribishwa bila malipo kwa kuwa anapiga vizuri; naye anapiga vizuri, mara nyingi, kwa kuwa alipokuwa na miaka 14 palikuwa na mtu wa kumlipia. Ukarimu wa kidato cha juu ni ukarimu wa kweli, ila huwakuta waliokwisha kukarimiwa.

Kisha kuna suala la mavuno. Okestra ya wanafunzi wa Tanglewood hupiga mbele ya watu walionunua tikiti. Mwenye kuona ubaya hapa asifanye haraka, kwa maana mwanamuziki hafundishiki bila hadhira, kama nahodha asivyofundishika nchi kavu. Hata hivyo hakuna kazi iliyolisema jambo hili kwa uzito kuliko opera iliyochezwa hapo hapo na wanafunzi wenyewe. Mwezi wa Agosti 1946, “Peter Grimes” ya Mwingereza Benjamin Britten ilionyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza, katika jukwaa la Tanglewood, ikiongozwa na Leonard Bernstein, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi wa mwaka ule wa kwanza wa 1940. Koussevitzky ndiye aliyeigharimia itungwe.

Kisa chake watu wa pwani watakielewa bila ya mfasiri. Grimes ni mvuvi. Mwanagenzi wake wa kwanza amemfia baharini, na mji mzima unamshuku. Analetewa mwengine, mtoto kutoka nyumba ya mafukara, naye anamhimiza kazini kwa kuwa anataka samaki wengi, apate fedha, mji umheshimu. Mtoto huyo anaporomoka jabalini na kufa. Katika opera hii huimba mvuvi, huimba mwalimu wa kike, huimba wanasheria na walevi, na mji wote huimba kwa sauti ya kutisha. Yule mwanagenzi peke yake haimbi. Britten hakumpa hata ubeti mmoja. Kinachosikika kutoka kwake ni ukelele tu. Kwa vijana waliokuwa wanagenzi wenyewe, kupiga muziki mzito namna ile kumzunguka mwanagenzi asiye na sauti ni somo ambalo haliandikwi katika ratiba ya mafunzo. Opera haisemi kwamba Grimes ni mwovu. Inasema jambo gumu zaidi: kwamba mwalimu anayehitaji mavuno ya mwanafunzi wake kuliko anavyomhitaji mwanafunzi mwenyewe humwendesha hadi ukingoni, na wala asijue.

Bernstein hakuwa Grimes. Aliendelea kurudi Tanglewood kwa nusu karne, na tarehe 19 Agosti 1990, akiwa mgonjwa na pumzi zikimkatika, aliongoza hapo onyesho lake la mwisho. Miongoni mwa alivyoviongoza siku hiyo ni vipande vinne vya bahari kutoka katika opera ile ile. Alifariki miezi miwili baadaye. Ukitafuta neno la Kiswahili la marejeo hayo ya miaka 50, si ada wala ujira. Ni kilemba. Aliyefundishwa alirudi kumvika fundi wake, na kwa kuwa fundi alikwisha kufa tangu 1951, aliwavika waliokaa mahali pake, yaani wanafunzi wapya.

Mfano wa tatu hauna vilima wala maziwa. Mwaka 1991, katikati ya jiji la Chicago, kiwanja kitupu kilichobomolewa majengo yake kilitandikwa mahema, na vijana wa mjini wakaajiriwa humo wakati wa kiangazi wawe wanagenzi wa wasanii. Mpango huo uliitwa Gallery 37, kwa namba ya kiwanja chenyewe, na waanzilishi wake wakuu walikuwa Maggie Daley, mke wa meya, na Lois Weisberg, mkuu wa idara ya utamaduni ya jiji. Ulianza zaidi kwa sanaa za mikono, ukapanuka na kuzaa mpango mkubwa uitwao After School Matters, wenye muziki, ngoma, tamthilia na mashairi. Jambo lake la msingi halikubadilika: kijana halipi, hulipwa.

Wako wanaoukunjia uso mpango wa namna hii. Husema kwamba sanaa iliyolipiwa kwa saa huwa kibarua, na kwamba mtoto atakuja kwa fedha na si kwa mapenzi. Wasemao hivyo huwa hawajapata kuhesabu gharama ya kiangazi katika nyumba ya maskini. Kwa mtoto wa tajiri, kiangazi ni likizo. Kwa mtoto wa maskini, kiangazi ni miezi ya kuchuma: kuuza dukani, kuosha vyombo mkahawani, kulea wadogo ili mama aende kazini. Mafunzo ya bure si bure kwake, maana anayaendea kwa kuacha fedha ambazo nyumbani zinangojwa. Kwa hiyo, mtu asiyemdai ada bado hajamfungulia mlango, amemwondolea komeo moja kati ya mawili. Chicago iliondoa la pili. Na ni kejeli ya historia kwamba mji wa Petrillo, aliyechekwa kwa kutaka muziki ulipiwe, ndio uliokuja kukubali kwamba hata mwanagenzi ana jasho.

Lakini uhakiki wa haki hauishii kwenye sifa. Wiki chache za ujira mdogo hazimfikishi kijana mahali ambapo mtoto wa Interlochen hufikishwa na miaka kumi ya mwalimu wa faragha. Chicago ilimpa mkate bila ya kumpa kilele. Tanglewood hutoa kilele kwa aliyekwisha kula. Hatua ya kuviunganisha viwili hivi imejaribiwa kwa uchache. Mwaka 2013 Carnegie Hall ya New York ilianzisha okestra ya taifa ya vijana wa miaka 16 hadi 19, ambao hawalipi chochote, na mwaka wake wa kwanza ikasafiri hadi Moscow na London. Mwaka 2016 ikaongezwa okestra ya pili kwa wadogo zaidi, yenye nia ya kuwafikia wale ambao muziki huo haujazoea kuwafikia. Kuongezwa kwa okestra hiyo ya pili ni kukiri kwamba ya kwanza, pamoja na ubure wake, haikutosha.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza yanamhusu nini haya ya Michigan na Massachusetts. Yanamhusu kwa sababu swali ni lile lile la ganuni ya Barghash. Mwaka 2002 Unguja ilipata chuo chake cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kikakaa katika jumba la forodha ya zamani mbele ya bahari, na humo wazee wa fidla, udi na ganuni wakakaa na vijana ambao huenda wasingepata kuwakaribia. Ada ilikuwa ndogo, na kwa wengi ilikuwa bado kubwa. Chuo kikategemea wafadhili wa nje. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Habari hiyo ilihuzunisha watu ambao kila mwaka hucheza, huoana na hufurahi kwa muziki ule. Ni wachache waliojiuliza kama wao wenyewe wamepata kuulipia hata siku moja.

Na si kwamba watu wa pwani hawajui kulipia muziki. Hakuna hadhira inayolipa kwa uwazi kuliko ya taarab. Mwimbaji akifika penye neno lililomchoma mtu, huyo huinuka, akaenda mbele akicheza pole pole, akamtunza noti mkononi, na wote wakaona. Tuzo hiyo ni ya neno, ni ya sauti, na mara nyingi ni ya jibu alilotumiwa mtu mwengine aliyeketi safu ya pili. Ni desturi njema na isiachwe. Ila humlipa yule anayeonekana, kwa usiku huo. Haimfikii kijana wa fidla aliyekaa nyuma, wala mwalimu wake aliyebaki nyumbani, wala mtoto ambaye angekaa hapo mwaka ujao kama angepata ala.

Kilemba ndicho kilichokusudiwa kujaza pengo hilo, na kwa kazi nyingi za mikono kilikuwa sheria isiyoandikwa. Aliyepata ufundi alijua kwamba anadaiwa, na kwamba deni lake halilipwi kabla bali baada, wakati mkono umekwisha kuwa na nguvu. Sultani aliyelipa peke yake alivuna peke yake. Mzazi anayelipa ada humnunulia mwanawe nafasi, na mwenye haki zaidi hubaki nje. Mfadhili wa ng'ambo hulipa hadi pale anapochoka. Waliobaki ni wale waliofundishwa, pamoja na wale waliofurahishwa. Harusi moja ya mjini hugharimu mapambo, upishi, video na wapiga muziki. Fungu dogo lingetengwa humo kwa ajili ya mtoto mmoja na ganuni moja, isingehitajika barua kupelekwa nje kuomba. Hadi hapo, kijana wa nyuma ataendelea kupiga, na kama yule mwanagenzi wa Grimes, hatakuwa na ubeti wake.